Kurutu aachiwe walau sentensi moja

Mpwa wangu alipokuja nyumbani kwa likizo yake ya kwanza tangu ajiunge na jeshi, mamake alimpikia ugali na kuku wa kienyeji, kisha akamwuliza kama angependa kuongezwa mchuzi. Kijana alisimama wima, akabana mikono mapajani na kujibu kwa sauti iliyowatawanya kuku waliosalia uani: "Ndiyo, afande!" Sote tulicheka hadi machozi yakatutoka, ila dada yangu. Baadaye alinivuta kando na kuniuliza: "Kaka, wamemfanya nini mtoto?"

Mimi si mwanajeshi wala sijapata kuwa mwanajeshi. Riziki yangu naipata kwa kufundisha isimu, na kwa hiyo swali la dada yangu sina budi kulijibu kwa upande ninaoujua, yaani upande wa lugha. Nchi hii humwona kurutu mara mbili tu. Humwona kwanza katika uwanja wa michezo, kifua wazi na miguu mitupu, akipimwa kimo kisichopungua mita 1.60 na kutakiwa aachame ili meno yake yakaguliwe. Humwona tena siku ya gwaride la kufuzu, bendi ikipiga na akina mama wakipiga vigelegele. Yanayojiri kati ya siku hizo mbili aghalabu hubaki nyuma ya ua.

Twajua kwamba hunyolewa, huvishwa sare na kuamshwa kabla ya jogoo. Twajua pia kuhusu pushapu na kuruka kichurachura. Lakini kabla mwili haujazoea hayo, ulimi huwa umekwisha kufungwa. Jina alilopewa na nyanya yake huwekwa kando, na nambari hushika mahali pake. Neno "mimi" hupotea. Sentensi azisikiazo ni za hali ya kuamuru, nazo ndizo fupi kuliko zote katika Kiswahili: simama, lala, kimbia, nyamaza. Azisemazo yeye ni mbili, ya kukubali na ya kukana, na kila moja yafungwa kwa neno lile lile, afande.

Neno hilo lina safari ndefu. Asili yake ni "efendi" ya Kituruki, yaani bwana. Lilipitia jeshi la Misri, likafika kwetu vinywani mwa askari wa Kisudani, wakiwemo wale ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891 kutoka masalia ya jeshi la Emin Pasha. Wajerumani nao walikuwa wamekwisha kuandika Wasudani huko Misri mwaka 1889, na kule Tanganyika vyeo vya ombasha na shaushi, vilevile vya Kituruki, vikawa maneno ya kambini. Mwaka 1902 Waingereza walipounda kikosi cha King's African Rifles, yaani KAR, afande alikuwa amekwisha kuhamia. Vizazi vya askari hao wa Kisudani bado tunao Kibera, jina ambalo lenyewe ni la Kinubi. Kiswahili kilichozungumzwa baina ya maofisa wa Kiingereza na askari wao kilikuwa kibovu kiasi cha kupewa jina lake, KiKAR. Kilikuwa kimejaa amri, na maneno ya mazungumzo yalikuwa machache. Nashuku kwamba mpaka leo hatujakifukuza kabisa kambini.

Amri ya gwaride nayo ina sarufi yake. Mswahili akitaka mtu ageuke atamwambia "geuka nyuma". Lakini katika jeshi la Tanzania, ambako gwaride huendeshwa kwa Kiswahili, amri ni "nyuma geuka!" Kitenzi husukumwa mwisho. Neno la kwanza hutahadharisha, kisha pana kimya kifupi, halafu kitenzi hulipuka na mamia ya visigino huzunguka kwa pamoja. Kwetu amri za gwaride hutolewa kwa Kiingereza, lakini mpangilio ni uo huo, na kazi yake ni ile ile: kuufundisha mwili utii kabla akili haijapata nafasi ya kubishana. (Wanafunzi wangu wa sintaksia hulielewa somo la mpangilio wa maneno upesi sana ninapowasimamisha na kuwageuza hivyo.)

Nisieleweke vibaya. Siupingi ukali huo. Wanajeshi wetu walipoingia Somalia mnamo Oktoba 2011 hawakwenda kufanya mjadala, na mtu anayeuliza "kwa nini?" anapoambiwa alale chini yamkini hataishi kulisikia jibu. Kumnyang'anya kijana maneno yake kwa muda, ili ajifunze kusikia kama mmoja wa wengi, kuna maana. Ninachodai ni kwamba katika kunyang'anya huko pawe na sentensi moja isiyoguswa. Sentensi hiyo ni "Naumwa, afande."

Hiyo ndiyo sentensi ngumu kuliko zote kambini. Msamiati wa mazoezi una neno tayari kwa anayeitamka, nalo ni mtegeaji: mtu ahepaye kazi. Kurutu akilemewa huwaza kwanza jina atakaloitwa mbele ya wenzake, ndipo awaze mguu wake. Mfupa wa muundi au wa wayo huanza kwa ufa mwembamba usioonekana. Akiusema mapema atapumzishwa. Akiunyamazia huweza kuvunjika kabisa.

Ugonjwa wa joto ndio unaonitisha zaidi. Mtu anayekimbia na mzigo juani hadi mwili ukashindwa kujipoza huanza kubabaika, na mojawapo ya dalili za mapema ni lugha yake. Hujibu yasiyoulizwa, huropoka, ulimi huwa mzito, pengine huwa mkali kwa anayemsemesha. Katika kambi ambamo jibu sahihi ni moja tu, majibu ya namna hiyo husikika kama ufidhuli, na mfidhuli huongezewa mzunguko mmoja wa kukimbia. Madaktari wasema mtu huyo apozwe kwa maji papo hapo alipoanguka, ndipo asafirishwe. Dakika za kumgombeza ni dakika zinazotolewa katika uhai wake.

Majeshi yaliyotutangulia yamelipia somo hili. Usiku wa tarehe 8 Aprili 1956, katika kambi ya Parris Island nchini Marekani, mkufunzi mmoja aliiongoza platuni yake hadi kijito cha Ribbon Creek kwenye bwawa la chumvi ili kuwatia adabu. Baadhi yao hawakujua kuogelea. Sita walizama, na baada yake jeshi hilo lilibadilisha jinsi wakufunzi wanavyosimamiwa. Julai 2013, katika milima ya Brecon Beacons kule Wales, askari watatu wa akiba wa Uingereza walifariki kutokana na matembezi ya majaribio siku ya joto kali. Uchunguzi wa mwaka 2015 ulibaini kwamba uzembe ulichangia vifo vyao.

Najua nitakalojibiwa: adui hamwulizi askari kama anaumwa. Ni kweli, lakini kamanda humwuliza. Kamanda anahitaji kujua ni nani anayeweza kutembea, ni nani amejeruhiwa na risasi ngapi zimesalia. Askari aliyefundwa kwa miezi kwamba ukweli wa mwili wake ni aibu atatoa wapi ulimi wa kusema ukweli huo vitani?

Basi iwe kanuni inayosomwa siku ya kwanza, kabla ya wembe kugusa kichwa: atakayesema anaumwa atazamwe na tabibu, na tabibu huyo asiwe chini ya mkufunzi. Akibainika kwamba alidanganya, adhabu ifuate baadaye. Wakufunzi nao wafunzwe kumsikiliza anayebabaika, si kumsikia tu.

Jioni ile ile ya ugali, mpwa wangu alivua buti nikauona mguu wake wa kushoto umevimba. Alikuwa ameuficha kwa wiki mbili. Hakuna aliyemkataza kusema, wala hakuna aliyemtukana. Aliogopa tu kuachwa nyuma na wenzake. Nilimwuliza kwa nini hakumweleza mtu. Alinitazama kwa mshangao.

"Mjomba," akasema, "ningeanzaje?"