Acheni Kuruka Mnada

Nyumba za Boko zenye Monopoly kabatini nazijua kadhaa, na zote zina sheria moja ambayo haijaandikwa popote: mnada haupigwi. Ukitua kwenye kiwanja usichokitaka unasema "napita," dadu inakwenda kwa mwenzako, kiwanja kinabaki cha benki mpaka atue mtu mwingine mwenye hela. Kijitabu cha sheria kinasema kinyume kabisa. Mchezaji akikataa kununua, benki inakipiga mnada kiwanja hicho palepale. Kila aliyepo mezani anaruhusiwa kutia dau, hata huyo aliyekataa, na bei inaanzia popote. Uliza kwa nini kipengele hicho kinarukwa, utaambiwa kinachelewesha mchezo, au kinagombanisha watu, au, jibu ninalolisikia zaidi kwa wazazi, "hiyo sasa itakuwa kamari."

Nasema hivi: wanaoruka mnada wametupa sehemu pekee ya mchezo huo inayohitaji akili. Kuchelewesha? Ni kinyume. Bila mnada mnazunguka ubao saa tatu mkisubiri dadu imdondoshe mtu mahali fulani. Mkiupiga, viwanja vinaisha mapema na mchezo unaanza kweli. Kinachobaki mkiuondoa ni bahati na kuwahi. Aliyetua Mayfair wa kwanza akiwa na 400 mkononi ni mwenye nyumba, nyie wengine ni wapangaji mpaka usiku. Bei imeandikwa kwenye kadi na mtu asiyekuwepo mezani, na hakuna anayeruhusiwa kuuliza kwa nini ni 400 na si 250. Halafu tunashangaa watoto wanaolelewa na mchezo huo wakikua wakiamini kwamba ardhi ni ya aliyewahi na bei ni amri.

Kuna kejeli hapo. Mchezo ulioizaa Monopoly ulibuniwa na mwanamke wa Marekani, Lizzie Magie, aliyepata hataza yake mwaka 1904. Aliuita The Landlord's Game, na alitaka watu waone kwa macho yao jinsi pango la ardhi linavyomtajirisha mmoja na kuwakausha waliobaki. Parker Brothers walipoanza kuiuza Monopoly mwaka 1935, somo hilo lilikuwa limeshafunikwa na furaha ya kufilisi jirani. Sisi tumekwenda hatua moja zaidi: tumeondoa na ule mnada, mahali pekee ambapo wachezaji wanakaa chini na kuamua wenyewe kitu kina thamani gani.

Wapo wabunifu waliofanya kinyume. Waliutupa ubao wa kuzunguka na dadu, wakabaki na mnada peke yake. Mjerumani Reiner Knizia alitoa Modern Art mwaka 1992. Kila mchezaji anaanza na 100,000, na hela zake anazificha wenzake wasizihesabu. Mkononi ana kadi za picha za wachoraji watano wa kubuni, na zamu yake ikifika anaipiga mnada picha moja. Njia ziko tofauti: kupaza sauti kila mtu kwa wakati wake, kuzungusha meza mara moja tu, kuficha dau kwenye ngumi, au muuzaji kutaja bei yake na kusubiri wa kuikubali. Raundi ya kwanza ikiisha, mchoraji ambaye kazi zake zimetolewa kwa wingi zaidi, kila picha yake benki inainunua kwa 30,000. Wa pili ni 20,000, wa tatu 10,000, waliobaki ni sifuri. Picha yenyewe iwe nzuri, iwe mbaya, haijalishi. Thamani yake ni kile ambacho watu wa meza ile wameamua kukikimbilia.

Utamu wake uko hapa. Hela ya picha anapewa mchezaji aliyeileta. Kwa hiyo ukishinda kwa 29,000 picha itakayolipa 30,000, umepata faida ya 1,000 na umempa mpinzani wako 29,000. Umeshinda mnada, lakini mchezo umeubeba kwenda upande wake. Mtu akipitia hilo mara mbili hatausikia tena msemo "nimemzidi dau" kwa masikio yale yale. Wachumi wana jina la jambo hili, laana ya mshindi, na hawakulitoa kwenye michezo. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta waliandika kuhusu makampuni yaliyokuwa yakigombea vitalu vya Ghuba ya Mexico. Anayeshinda kitalu ndiye aliyekikadiria juu kuliko wote, na aliyekadiria juu kuliko wote mara nyingi ndiye aliyekosea zaidi. Kijana wa miaka kumi na minne mwenye kadi mkononi analielewa hilo kwa saa moja. Mimi darasani nimeona likihitaji muhula.

Sasa turudi kwenye kamari, maana hilo ndilo shtaka zito. Mji huu umejaa mikeka. Kijana anaamka, anapanga timu nane, anaweka buku, anasubiri. Katika mkeka odi zimeshapangwa na kampuni kabla hujawasha simu. Wewe kazi yako ni kukubali au kuacha, kisha unakaa kusubiri miguu ya watu wengine ikuamulie. Katika mnada hakuna odi za mtu. Bei ni wewe na walioketi mbele yako, na kinachokuangusha ni hesabu yako au kuwasoma vibaya wenzako. Mzazi anayemkataza mwanawe mnada wa mezani kwa kuogopa kamari, huku mkeka uko kwenye simu ya mtoto huyohuyo, amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Na isisemwe kwamba mnada ni mambo ya Wajerumani. Nenda pwani ya Kunduchi asubuhi boti zinapoingia. Samaki wanamwagwa, dalali anapaza sauti, na mama anayekwenda kukaanga samaki jioni anajua kichwani mafuta bei gani, mkaa bei gani, na mwisho wake wa kupanda uko wapi. Akifika hapo ananyamaza. Kunyamaza kule ndiyo elimu yenyewe. Au simama nje ya kanisa la Kilutheri baada ya ibada, wakati sadaka za mazao zinapigwa mnada: mkungu wa ndizi, jogoo, trei ya mayai. Mtu ananunua trei kwa bei ambayo hakuna duka lingethubutu kuitaja, kisha anairudisha iuzwe tena, na watu wanashangilia. Wanaosema mnada ni uchoyo waje wanieleze trei ile. Mnada haumfanyi mtu kuwa mchoyo wala mkarimu; unaweka hadharani anachokithamini, mbele ya watu wanaomjua.

Kisha tazama Kusini. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, korosho zinakusanywa ghalani, wanunuzi wanaleta bei zao, bei hizo zinatangazwa mbele ya wakulima, na wakulima ndio wanaosema ndiyo au hapana. Oktoba 2018, Newala na Tandahimba, bei zilizosomwa zote zilikuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo. Wakulima wakasema hapana. Mwezi uliofuata Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua kwa 3,300. Yaliyotokea baadaye ni habari ndefu na si yote mazuri, lakini nataka tubaki kwenye ile hapana. Watu wengi kwenye mkutano ule hawajawahi kusikia neno "nadharia ya michezo." Walijua kwamba bei ni pendekezo, na pendekezo linakataliwa.

Sisi wenye vyeti je? Tunajaza fomu ya maombi ya kazi, tunafika kwenye kisanduku kinachouliza "mshahara unaotarajia," tunapiga simu kwa rafiki, tunaandika tarakimu ndogo ili tusionekane na tamaa. Ile ni zabuni ya siri. Mwajiri ameshaziona zote, wewe umeiona yako tu, na kila mhitimu anamkwepa mwenzake kwa kushuka chini. Tunashiriki mnada bila kujua ni mnada. Tunapokwenda kutafuta chumba Boko, Tegeta au Bunju, hali ni ileile. Tangazo linasema "bei maelewano," unafika, na dalali anakunong'oneza kwamba kuna mteja mwingine anakuja kesho asubuhi na kodi ya miezi sita taslimu. Huyo mteja wa kesho ni nani? Hana sura wala sauti, na dau lake hakuna aliyelisikia zaidi ya dalali. Lakini tunapandishana naye bei, na ya dalali ya mwezi mmoja tunalipa juu yake. Aliyezoea meza ambayo kila dau linasikika atauliza swali moja la maana: yuko wapi huyo mtu, atie dau lake mbele yangu.

Najua pingamizi lililobaki, nalo ni la haki: mnada wa kweli anashinda mwenye hela. Kunduchi mwenye hoteli atampita mama wa kukaanga akitaka. Kiwanja cha Boko hakitakwenda kwa mwalimu anayekihitaji zaidi. Sibishi. Lakini tazama ni wapi jambo hilo linaonekana wazi kuliko kwingine: mezani, ambako wote wameanza na 100,000. Mtu akishazoea mnada ambao mifuko ni sawa na madau yanasikika, akitoka nje anatambua upesi kipi kimekosekana. Mchezo huo haumwambii kwamba soko ni la haki. Unampa kipimo cha kulipimia.

Na msiniambie habari za bei ya Modern Art na usafiri wake kutoka Ulaya. Chukueni karata za kawaida. Uru ndiyo mali: zichanganywe, zilale kifudifudi. Mmoja ashike kopa zote 13, mwingine shupaza zote 13. Ree ni 1, Kingi ni 13. Funueni uru moja, kila mtu achague karata yake kimyakimya, mzionyeshe kwa pamoja. Mwenye kubwa anachukua uru na pointi zake. Karata zote mbili za dau zinatupwa, hazirudi. Mkitoka sare, uru inabaki na kugombewa pamoja na inayofuata. Jumla ya pointi ni 91, hivyo 46 zinakutosha. Huko nje mchezo huu unaitwa Goofspiel. Mifuko sawa, hakuna dadu, na bahati iko tu kwenye mpangilio wa mali, ambao ni uleule kwa wote wawili. Utagundua haraka kwamba kulipa Kingi ili upate uru ya 5 ni aibu, na kwamba mwenzako aliyekuachia uru ya 12 hakukuhurumia, alikuwa anahifadhi.

Kwa hiyo, wenye Monopoly: rudisheni mnada. Mtu akisema "napita," asipite hivihivi. Benki iseme bei ya kuanzia, hata shilingi moja, na kila mtu mezani alazimike kufikiri kiwanja kile kwake ni kiasi gani, na kwa yule aliyenyamaza pale pembeni ni kiasi gani. Mtagombana kidogo. Gombaneni. Ni afadhali kubishana juu ya bei na mtu unayemwona kuliko kuipokea imeshaandikwa.