Walinzi Wasioonekana Ndani ya Kompyuta

Askari aliye lindoni usiku haonekani na mpita njia, lakini akiliacha lindo lake kambi nzima imo hatarini. Ndivyo yalivyo baadhi ya mafaili katika kompyuta za mezani za zamani. Na familia nyingi huyatambua baada ya kuyapoteza.

Na ifikiriwe nyumba moja mjini Kamembe, wilayani Rusizi, katika uliokuwa mkoa wa Cyangugu hadi mwaka 2006. Baba ni askari mstaafu. Katika kompyuta yake yenye Windows XP, mfumo uliotolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2001, zimo barua za kiinua mgongo, hesabu za mama auzaye vitenge kwa wateja wa Bukavu, ng'ambo ya daraja, na picha za watoto. Diski imejaa. Kijana wa nyumba, kwa nia njema, anayafichua mafaili yaliyofichwa na kufuta kila asilolijua. Asubuhi kioo ni cheusi, na maneno ya Kiingereza yanasema kuwa NTLDR haipo.

Jamaa hao wasitaharuki. Kompyuta iwashwapo, NTLDR husoma faili liitwalo BOOT.INI ili kujua mfumo umekaa wapi, hulituma NTDETECT.COM kukagua vifaa, kisha huuamsha mfumo wenyewe. Mafaili hayo matatu hukaa katika diski C, nje ya folda zote. Yakikosekana mlango haufunguki, lakini vyombo vya ndani vingalimo.

Kwa hiyo mwenye kompyuta asikubali haraka diski yake ifomatiwe. Huko ni kubomoa nyumba kwa sababu ya ufunguo uliopotea.

Kwanza, ichomolewe flashi yoyote, kwani hata flashi iliyosahauliwa yaweza kuleta ujumbe huo huo. Pili, fundi aiwashe kompyuta kwa CD ya Windows XP, abonyeze herufi R ya ukarabati, kisha anakili NTLDR na NTDETECT.COM kutoka folda ya I386 hadi diski C. BOOT.INI huundwa upya kwa amri ya BOOTCFG /REBUILD. Pasipo na CD, diski iunganishwe na kompyuta nyingine, nyaraka zinakiliwe kwanza.

Tangu tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft iliacha kuuhudumia mfumo huo. Si busara, basi, kuiachia mashine kongwe peke yake karatasi ambazo haki ya mstaafu inazitegemea. Nakala moja ikae katika flashi kabatini, nyingine kwa ndugu wa kuaminika.

Na kijana asichapwe. Aelezwe kwamba kisichojulikana kazi yake huulizwa kwanza, hakifutwi. Akiba haiozi.