Waliotutangulia



Vijana wetu hapa Garissa hulikuta shuleni neno la Kiingereza ancestor, wakalifasiri kuwa ni babu wa kale, wakaishia hapo. Juma hili twapenda kulichimba neno hilo, kwani asili yake ina mafunzo.

Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini: antecessor. Ante ni mbele, na cedere ni kwenda. Maana yake basi ni mwenye kutangulia. Na Warumi waliwaita hivyo hata askari waliotangulia mbele ya jeshi.

Waarabu nao wana salaf, yaani waliotangulia. Tunapozuru makaburi, miongoni mwa salamu tulizofunzwa imo ya kuwaambia maiti kwamba wao wametutangulia, nasi tu nyuma yao. Mswahili naye husema kuwa marehemu ametangulia mbele ya haki. Lugha tatu za mbali zimemwona babu mahali pamoja: njiani, mbele yetu.

Wasomali wana elimu yao ya jambo hili, iitwayo abtirsi, maana yake kuhesabu baba. Mtoto hutaja jina lake, la babake, la babuye, akaendelea hivyo vizazi vingi. Ni hazina kubwa, na Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tujifunze nasaba zetu ili tuunge udugu. Wageni wawili wakihesabu baba zao, huenda wakafika kwa babu mmoja, na msafiri akapata mwenyeji.

Lakini hesabu hiyo yaweza kugeuzwa kuwa kizuizi. Kwa miaka mingi vijana wa Kaskazini Mashariki walioomba vitambulisho walichunguzwa asili yao kwa namna ambayo Wakenya wenzao wengi hawakuchunguzwa, mpaka Rais alipotangaza huko Wajir, Februari 2025, kwamba utaratibu huo umekoma. Tuliuonja uchungu wa jina la babu kufunga mlango. Itakuwaje basi sisi kwa sisi tuufunge mlango huo huo, tukimnyima mtu posa, kazi au kura kwa sababu ya ukoo wake?

Aya ya 13 ya Suratul Hujurat yatufunza kuwa makabila yamewekwa ili watu wajuane, na kwamba mbora mbele ya Mwenyezi Mungu ni mchaji zaidi. Hadithi nayo yatuonya kuwa aliyecheleweshwa na amali zake, nasaba yake haitamharakisha.

Enyi wazazi, wafunzeni watoto majina ya babu zao. Kisha waambieni kila babu alitenda jema gani: kisima alichochimba, yatima aliyemlea, ugomvi aliousuluhisha. Mtangulizi hufuatwa kwa nyayo zake, na jina peke yake halina nyayo.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie nasi tuwe watangulizi wema kwa watakaotufuata. Amin.