MAONI YETU: BATI JIPYA NALO HUTOA JASHO



Mkutano mkuu umekwisha kuamua: mabati na papi za ghala letu ving'olewe, vipigwe vipya kabla mahindi ya msimu huu hayajaingia. Tunauunga mkono uamuzi huo, maana ya zamani yameliwa na kutu. Lakini tunasikia maneno, eti bati likiwa jipya habari ya magunia kulowa imekwisha. Jamani, hapo tusidanganyane.

Maji ya paa ni ya namna mbili. Yapo ya kuvuja: hayo huja mvua ikinyesha, na hupita penye tundu la msumari au kutu. Yapo ya jasho: hayo hudondoka alfajiri hata kama mvua haikunyesha, na hutanda bati zima. Haya ya pili hutoka humo humo ndani. Mahindi yana unyevu, na sakafu ya udongo inao. Usiku wa baridi kama wa huku kwetu milimani, bati hupoa upesi. Hewa yenye unyevu ikiligusa hugeuka maji, kama kwenye mfuniko wa sufuria. Geji 28 ni nene kuliko geji 30 na itadumu zaidi, lakini zote hutoa jasho. Tena paa bovu lilikuwa likipitisha hewa; hili jipya likibana kila upande, jasho laweza hata kuzidi.

Gunia likilowa si hasara ya fedha tu. Mahindi huota kuvu, na kuvu wengine hutoa sumu, yaani sumukuvu, ambayo kupika hakuimalizi. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa sumu hiyo. Mwaka 2016 ikaua watu hapa hapa Tanzania, Dodoma na Manyara.

Basi tunashauri hivi:

1. Yaachwe matundu ya hewa chini ya paa kuta zote mbili za urefu, na mengine juu karibu na kofia. Hewa baridi iingie chini, ya joto itokee juu. Wanaohofia panya na ndege, dawa yao ni wavu wa waya, siyo kuziba.

2. Kabla ya kupiga papi, itandazwe nailoni nzito juu ya kenchi, ilegee kidogo kati ya kenchi na kenchi. Ncha yake itokeze nje ya ukuta, jasho limwagikie nje.

3. Magunia yakae juu ya vichaga, mita 1 kutoka ukutani, wala yasipangwe mpaka kugusa paa.

4. Mahindi mabichi yasipokelewe. Tia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani.

Kamati ya ujenzi iyaingize haya kwenye makisio sasa, kabla fundi hajapanda. Akishagonga msumari wa mwisho, kutandaza nailoni itakuwa ni kuezua upya. Nasi wanachama tusingoje kulaumu. Siku ya kuezeka twende tukaangalie kwa macho yetu, maana chakula kitakachokaa chini ya paa lile ndicho watakachokula watoto wetu.