Bangi Tunaichoma, Kifafa Tunakiacha

Msomaji, umewahi kumwona mtoto wa kifafa aliyeangukia mafiga? Mkono umekunjamana kwa kovu, vidole vimegandana. Na alipokuwa akiungua, watu wazima walisimama kando, wakiogopa kuambukizwa na povu la mdomoni mwake.

Halafu tunalala!

Mwaka 2017, Dk. Orrin Devinsky na wenzake walichapisha utafiti wa watoto na vijana 120 wenye kifafa sugu kiitwacho Dravet. Wapo waliopewa kanabidioli, dawa ya maji inayokamuliwa kwenye bangi lakini isiyolevya. Degedege zao zikashuka kutoka kama 12 kwa mwezi hadi kama 6. Waliopewa dawa bandia walibaki karibu pale pale. Mwaka 2018 Marekani ikaiidhinisha dawa hiyo, Epidiolex. Bei yake ilipoingia sokoni? Takriban dola 32,500 kwa mwaka, mgonjwa mmoja!

Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa ya Uingereza. Na mmea? Unaota hapa kwetu Tanzania: unaota Arumeru, unaota Mara. Sisi kazi yetu kung'oa, kurundika, kuchoma moto na kupiga picha.

Sisemi vijana wavute. Msokoto unaharibu ubongo unaokua, na anayemfukiza mtoto mgonjwa moshi wa bangi anamdhuru. Hata kanabidioli yenyewe si maji ya kunywa: inaweza kuumiza ini, inagombana na dawa nyingine, na haijathibitishwa kwa kila aina ya kifafa. Ndiyo maana nasema maabara! Nasema vipimo! Nasema madaktari, si waganga wa mitandaoni wanaouza vichupa!

Hapa hapa nchini, Mahenge, kifafa kinajulikana. Dk. Louise Jilek-Aall aliwatibu wagonjwa kule tangu miaka ya 1960. Wagonjwa wapo, mmea upo, vyuo vikuu tunavyo. Tunasubiri nani aje kututafitia?

Jirani zetu Rwanda waliamka mwaka 2020, wakaruhusu bangi ya dawa ilimwe. Ilimwe iuzwe nje! Mtoto wa Ulaya atulie, wa Musanze, huko huko Rwanda, aendelee kuanguka?

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na wewe mzazi umengoja mno. Umeambiwa ni mapepo, ukanyamaza. Umeambiwa fenobabito, dawa ya kifafa, imeisha zahanati, ukarudi nyumbani na mtoto mgongoni, ukanyamaza.

Mbunge akija kuomba kura, usimpigie makofi. Muulize nani amepewa kibali cha kutafiti kanabidioli nchini. Muulize fenobabito, kidonge cha kifafa cha bei ya chini kuliko vyote, inaletwa zahanati lini. Na asiondoke mkutanoni kabla hajataja tarehe.