Kipeuo cha 32 Hakisubiri Kireno

Wapo wasomi wanaodai kwamba vipeuo haviwezi kufundishwa kwa Kimwani wala Kiswahili. Hoja hiyo haina miguu. Fundi wa Palma anayejenga chumba cha mita 4 kwa 4 hupima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, ahakikishe chumba hakijapinda. Urefu wa kamba hiyo ni kipeuo cha pili cha 32. Mtoto na akadirie: 5 mara 5 ni 25, 6 mara 6 ni 36, basi jibu limo katikati, likielekea 6. Ajaribu 5.6, apate 31.36. Ajaribu 5.7, apate 32.49. Aendelee atakavyo, hafiki mwisho, kwa kuwa hakuna sehemu, iwe 17/3 au nyingine yoyote, inayojizidisha yenyewe ikatoa 32 kamili. Hiyo ndiyo namba isiyo wiano. Kireno kimehitajika wapi hapo?

Msumbiji ilianza elimu ya lugha mbili mwaka 2003, Kimwani kikiwemo. Lakini lugha ya nyumbani huacha kufundishia kabla vipeuo havijafika. Mtoto hukariri 5.66 akidhani ndilo jibu kamili (hata kikokotoo hukadiria tu!), kisha sisi wa chuoni tunamwita mzito wa hesabu.