Kazi ya Umeme: Nilimsomea Kaka Safu Isiyo Yake

Kurasa hizi tumezoea kuzijaza siasa za nyumbani, lakini safari hii naomba tuongee hesabu, manake kuna hesabu niliikosea mimi na aliyeilipia ni mtu mwingine.

Mwishoni mwa 2024 binamu yangu, mtoto wa shangazi, alinipigia simu usiku. Yupo hapahapa Houston, ana digrii ya uhasibu aliyotoka nayo Dar, makaratasi yake yako sawa, lakini alikuwa anabeba boksi ghalani zamu ya usiku. Akaniuliza: "Mdogo wangu, wewe ndiye msomi wa takwimu. Nikiingia uanagenzi wa umeme, kazi zitakuwepo huko mbele au napoteza muda?" Nikajiona bingwa. Nikafungua makadirio ya Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, nikakuta mafundi umeme wataongezeka kwa asilimia 11 kati ya 2023 na 2033. Nikamwambia, "Kaka, hiyo ni kama asilimia moja kwa mwaka. Wapo laki saba na ushee, wanaongezeka elfu nane tu nchi nzima. Achana nayo." Akaachana nayo.

Kumbe kuna namba nyingine sikuifikia. Makadirio yaleyale yanasema nafasi zitakazofunguka ni kama 80,200 kila mwaka. Si elfu nane, elfu themanini! Mara kumi ya nilichomwambia.

Tofauti inatoka wapi? Fikiria daladala. Imeondoka Kariakoo na abiria 30, imefika Mbagala na abiria 33. Je, njiani wamepanda watatu tu? Hapana bwana. Huenda wameshuka 25 na wamepanda 28. Asilimia 11 inakuambia idadi ya kufika imezidi idadi ya kuondoka kwa kiasi gani. Haikuambii ni wangapi wamepanda. Ukitaka kujua waliopanda, chukua ongezeko ujumlishe na walioshuka. Kwa mafundi umeme wa Marekani, nafasi tisa kati ya kumi ni za kujaza mapengo ya walioshuka: waliostaafu, walioumia mgongo, waliohamia kazi nyingine. Anayetafuta kazi hana haja sana na ongezeko. Anataka kujua nani anashuka.

Sasa najua wapo watakaorukia upande wa pili na kutangaza kwenye mkutano wa Ijumaa kwamba Marekani ina kazi elfu themanini zinamsubiri Mswahili. Tulieni. Makadirio ni makadirio. Mwaka 2008 mafundi umeme walikuwa karibu 695,000, na ofisi hiyohiyo ikakadiria wangeongezeka kwa asilimia 12 hadi 2018. Ujenzi ukaanguka. Kufikia 2010 walikuwa 577,000. Na 2018 yenyewe ilipofika walikuwa kama 715,000, yaani ongezeko la asilimia tatu kwa miaka kumi. Aliyeanza uanagenzi 2008 kwa kuamini ile 12 alijikuta anahangaika kutafuta nani ampe saa.

Na hapo kwenye saa ndipo kazi yenye leseni inapotofautiana na kazi ya boksi. Ghala likihitaji watu mia, Jumatatu inayofuata wamepatikana. Fundi umeme hatengenezwi hivyo. Hapa Texas, kupata leseni ya fundi anayeruhusiwa kufanya kazi bila kusimamiwa kila dakika unatakiwa uwe na saa 8,000 chini ya fundi mkuu, na ufaulu mtihani. Kwa mwendo wa kawaida wa saa 2,000 kwa mwaka, hiyo ni miaka minne. Maana yake mafundi watakaopata leseni miaka minne ijayo wameshaanza kazi leo au hawapo. Huwezi kuwaongeza baadaye hata ukimwaga pesa. Na mwaka mmoja nilioupoteza mimi kwa niaba ya kaka yangu ni saa 2,000, siyo maneno.

Kuna wanaodhani njia rahisi ni kuhesabu leseni. Nayo ina mitego yake. Texas hata mwanagenzi ana leseni yake, kwa hiyo ukijumlisha leseni zote umechanganya wanaofundishwa na wanaofundisha. Mwanagenzi akifaulu anaonekana kama leseni mpya, wakati kwenye daladala yupo tangu miaka minne iliyopita. Mzee aliyestaafu anaweza kuendelea kulipia leseni yake kwa heshima tu. Ukienda Illinois, jimbo halitoi kabisa leseni ya fundi umeme. Miji kama Chicago inatoa yenyewe. Hebu jumlisha hayo upate namba moja ya nchi nzima!

Mliopo kwa viza ya mwanafunzi, tafadhali msitoke hapa mkakimbilia uanagenzi. Viza hiyo haikuruhusu kujiajiriajiri tu utakavyo. Nawasemea wenye makaratasi, ambao tunao wengi, wengine wana digrii mbili na bado wako ghalani kwa sababu neno "fundi" linawachoma. Shangazi mwenyewe aliposikia alisema, "Nimeuza shamba langu mwanangu akawe fundi wa waya?" Sikumlaumu. Nyumbani fundi ni yule unayemwita jirani anakuja na bisibisi na tai-tai mfukoni. Lakini hata nyumbani mambo ni ya leseni siku hizi: Tanzania ni EWURA, Kenya ni EPRA. Wale wenzangu wa uchumi na takwimu mnaotarajia kurudi wizarani, siku mkiulizwa umeme wa vijijini unahitaji mafundi wangapi, msianze na nyumba ngapi mpya. Anzeni na mafundi wangapi wanashuka na mwanagenzi anachukua miaka mingapi kupanda.

Nilimpigia kaka nikamwomba radhi. Alicheka, akasema mwenye macho ya kusoma jedwali zima alikuwa yeye ila alimwamini msomi. Alianza uanagenzi mwaka mmoja baadaye, na sasa ana saa mia tisa na kitu. Shangazi kanuna, lakini mshahara wa kwanza alitumiwa, na sijasikia umerudishwa.

Anatafuta kitabu cha kanuni za umeme kwa bei ya kirafiki. Toleo la zamani halimfai, maana hubadilishwa kila miaka mitatu. Mwenye nacho anione Ijumaa.